Safu za Samaki na Namba ya Top: Barua kwa Sahibu wa Malindi

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Wazee wanakusalimu sana, na mama anauliza utavuka lini.

Ujumbe wako umenifikia pamoja na zile picha za skrini, na msimbo wa programu yako ya samaki, uliouandika kwa Delphi, ile zana ya kuundia programu, nimeusoma wote, si kile kipande ulichokitia alama peke yake. Naona umeanza kuituhumu kompyuta, na hata Windows. Viache hivyo, havina kosa. Na usiivunje fomu, yaani dirisha lenyewe la programu, uanze upya kama unavyokusudia, kwa sababu kazi uliyoifanya ni nzuri na imebaki mistari michache tu.

Nieleze kwanza nilivyokuelewa, ili nikikosea unisahihishe. Chombo kikipakua samaki pwani, karani anabofya kitufe na safu mpya inaongezeka: jina la chombo, aina ya samaki, kilo, bei. Ulitaka chombo cha kwanza kikae juu na kinachofuata kikae chini yake. Badala yake kilichokuja mwisho ndicho kinachopanda juu. Wakati mwingine, hasa orodha ikiwa ndefu, safu mpya inachomoza katikati. Na programu ukiifunga kisha ukaifungua, safu zilezile zinasomwa kutoka kwenye faili na kujipanga sawasawa. Hilo la mwisho ndilo lililokuchosha akili, na kumbe ndilo lenye jibu.

Delphi haikumbuki safu ipi iliumbwa mwanzo. Kila safu yako ni paneli, yaani kisanduku cha mstatili kwenye skrini. Paneli ukiipa Align (sifa ya kushika ukingo) ya alTop, unaiambia ishike ukingo wa juu wa mzazi wake, yaani kisanduku kinachoibeba, na ijitandaze upana mzima. Paneli za namna hiyo zikiwa nyingi lazima ziwekwe kwa zamu, na zamu inatokana na namba ya Top, yaani umbali kutoka juu ya mzazi, ambayo kila moja inayo wakati upangaji unapoanza. Yenye Top ndogo inatangulia. Zikilingana, inatangulia ile iliyosababisha upangaji wenyewe, yaani iliyotoka kuingizwa au kuguswa sasa hivi.

Sasa tazama msimbo wako. Unaumba TPanel (ndiyo paneli kwa jina la Delphi), unaipa Align, kisha unaipa Parent, yaani mzazi. Top hukuitaja mahali popote, kwa hiyo ni 0. Safu iliyo juu kabisa nayo ina Top 0. Zimelingana, na mpya ndiyo iliyosababisha upangaji, basi inapita mbele. Ile ya zamani inashuka hadi 41, kwa kuwa hicho ndicho kimo ambacho TPanel huzaliwa nacho usipokibadilisha. Ikija ya tatu, inafanya vilevile. Ndiyo maana orodha yako imepinduka miguu juu.

Na zile zinazochomoza katikati? Karani akishateremsha orodha ndani ya TScrollBox, kile kisanduku cha kuteremshia orodha, safu zilizopita juu na kutoweka machoni zinakuwa na Top hasi, maana Delphi inahesabu kuanzia pale panapoonekana. Safu mpya yenye 0 inaangukia juu ya sehemu inayoonekana, ambayo kwa orodha nzima ni katikati. Karani akiwa juu, utapata matokeo mengine. Kwa hiyo ulipokuwa ukijaribu nyumbani kwa safu tatu hukuliona, na pwani likakutokea.

Njia ya kulitengeneza ni fupi. Ipe paneli Parent kwanza, kisha Top, na Align iwe ya mwisho. Hiyo Top iwe chini ya safu ya mwisho: chukua Top yake, ujumlishe Height (kimo) yake. Wengi huandika 10000 na kuendelea na safari, na kwa safu moja moja inakubali, kwa kuwa upangaji ukimalizika ile 10000 inafutwa na Top halisi inakaa mahali pake. Mimi siipendi. Mtu atakayeusoma msimbo wako mwakani hatajua 10000 ilitafutia nini, na anaweza kuifuta akidhani ni takataka.

Turudi kwenye faili. Unapolisoma, unaita DisableAlign, inayosimamisha upangaji, kabla ya kuongeza safu, na EnableAlign, inayouruhusu tena, baada yake. Humo ndani hakuna safu inayopangwa peke yake. EnableAlign ikiruhusu upangaji, hakuna safu hata moja inayohesabiwa kuwa ndiyo iliyousababisha, basi zenye namba sawa zinafuata mfuatano ule zilioingizwa ndani ya mzazi. Kisanduku kilikuwa kitupu, zote zina 0, zikatoka vizuri. Lakini hiyo ni bahati, sahibu, usiitegemee. Jaribu kuongeza kwa njia hiyohiyo kundi la vyombo vya jioni kwenye vile vya asubuhi: vyote vitajipenyeza kati ya safu ya kwanza na ya pili, kwa sababu vina 0 sawa na ya kwanza, na ya pili ina 41.

Yule kijana aliyekushauri utumie BringToFront, amri ya kuleta kitu mbele, hakukudanganya. Nadhani amezoea Windows Forms, zana nyingine ya kuundia madirisha, ya lugha ya C#. Kule sifa inayofanana na hii inaitwa Dock, na zamu inafuata ni nani yuko nyuma na nani yuko mbele katika mrundikano wa kontroli (vitu vya kwenye dirisha): aliye nyuma kabisa anapangwa mwanzo. Kwa hiyo kule BringToFront inabadilisha mpangilio kweli. Kwako wewe safu zenye Top tofauti hazitajali ukiileta mbele au ukiirudisha nyuma. Ushauri wa nyumba moja umeuingiza nyumba nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: kile kichujio chako cha aina za samaki. Karani akichagua pweza, unazificha safu za changu na nguru kwa sifa ya Visible (kuonekana), kisha akimaliza unazirudisha. Chukua safu nne zenye Top 0, 41, 82 na 123. Ficha ya pili. Ya tatu inapanda hadi 41 na ya nne hadi 82, lakini ile iliyofichwa inabaki na 41 yake. Sasa ficha ya tatu: nayo inabaki na 41, na ya nne inapanda kushika 41. Rudisha ya pili. Inakutana na ya nne pale 41, na kwa kuwa ndiyo iliyoguswa, inashinda. Vizuri. Rudisha ya tatu. Inakutana na ya pili pale pale 41, na safari hii ya tatu ndiyo iliyoguswa, inashinda yeye. Umeanza na moja, mbili, tatu, nne; umeishia na moja, tatu, mbili, nne. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kengele. Ungezirudisha kinyume cha ulivyozificha, zingekaa sawa, na hapo ungeapa kwamba programu haina hitilafu.

Nakwambia hili kwa uzito kwa sababu ile si orodha ya mapambo. Karani anasoma kwa sauti kufuata safu, na mvuvi aliyekesha baharini analipwa kwa kilo zinazosomwa. Safu mbili zikibadilishana nafasi wakati karani anafuatisha kwa kidole kutoka kwenye daftari, kilo za nguru za mtu zinaingia kwa mwenzake. Pwani ugomvi wa namna hiyo hauishi siku hiyo.

Kwa hiyo nakuomba mpangilio usiuweke kwenye skrini kabisa. Uweke kwenye orodha yako mwenyewe, TList (orodha ya Delphi) au array ya rekodi, ambamo kila chombo kina nafasi yake kwa saa kilipofika. Kisha andika utaratibu mmoja, uuite PangaSafu. Uite DisableAlign, uipitie orodha kuanzia mwanzo, kila paneli uipe Top inayokua kwa kimo chake, kisha uite EnableAlign ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa kwa vyovyote vile, ili hata likitokea kosa katikati upangaji usibaki umefungwa. Popote unapoongeza safu, unapofuta, unapoficha au unaporudisha, maliza kwa kuuita PangaSafu. Hapo hutahitaji tena kukumbuka nani aliguswa mwisho.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho kabla ya kuniamini, kwa muda fanya Caption (maandishi) ya kila paneli ionyeshe Top yake, kwa IntToStr inayogeuza namba kuwa maandishi, uiandike upya baada ya kila kubofya. Ficha, rudisha, teremsha orodha, ongeza safu. Namba zitakusimulia kila kitu. Mimi kwa hitilafu za namna hii ndipo ninapoanzia, kwa sababu jicho linaona safu imekaa vibaya lakini halioni namba iliyoipeleka huko.

Kuna na lile la Tab. Hata safu zikikaa sawa, kitufe cha Tab kinafuata TabOrder, namba ya zamu ya Tab, na TabOrder inatokana na mfuatano wa kuingizwa kwa mzazi, haijui chochote kuhusu Top. Karani wenu anaandika kwa mikono yenye maji ya chumvi na hatumii kipanya, ulinieleza mwenyewe. Akibonyeza Tab akarushwa safu tatu juu, ataacha programu na kurudi kwenye daftari. Ndani ya PangaSafu ongeza mstari mmoja wa kuipa kila paneli TabOrder kufuatana na orodha.

Kuhusu ile menyu ya kushoto usiyoweza kuifikisha hadi juu: Delphi inapanga alTop zote kwanza, kisha alBottom (chini), kisha alLeft (kushoto), alRight (kulia), na alClient (nafasi yote iliyobaki) mwisho. Kila kundi linakata kipande chake katika eneo lililobaki, kama fundi anavyokata kanzu nyingi kutoka jora moja. Ule utepe wako wa kichwa umeshakata upana wote kabla menyu haijafikiwa, na kubadilisha mfuatano wa kuumba hakutasaidia. Weka paneli mbili tu kwenye fomu, ya menyu yenye alLeft na nyingine yenye alClient, kisha utepe wa kichwa uuhamishie ndani ya ile ya pili.

Ukimaliza, jaribu kwa safu nyingi mno, zaidi ya unazozizoea. Sasa hivi kusi inavuma na vyombo vinavyotoka ni vichache, kila kitu kitaonekana kimetulia. Kaskazi ikirudi, bahari itafunguka na wote watashuka pwani kwa wakati mmoja.

Nitumie faili la .dfm (la fomu) pamoja na la .pas (la msimbo) ukishaandika PangaSafu, ili nilijaribu huku kabla hujalipeleka kwa karani. Na usilitie kwanza lile wazo lako la kuburuta safu kwa kipanya. Litawezekana kwa urahisi orodha ikishakuwa mahali pake, tutalifanya pamoja ukija kwa Maulidi.

Nisalimie nyumbani wote.

Wasalaam,
Nduguyo wa Langoni