Barua ya wazi kwa jaji wa Mahakama ya Wilaya ya Fayette anayeomba kura zetu Novemba 2026

Mheshimiwa Jaji,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wengi watakaoisoma barua hii kabla yako ni wapiga kura wa hapa Lexington, Kentucky, watakaolikuta jina lako kwenye karatasi ya kura bila kujua wewe ni nani. Mkalimani wa kukusomea hatakosekana, maana mahakamani kwako wapo na hatuwalipi.

Wengi wetu tulizaliwa Kongo, tukakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, kisha tukaletwa huku. Kongo jaji huteuliwa na Rais kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Tanzania hakimu hupatikana kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hakuna mzee wetu aliyewahi kuombwa kura na mtu aliyevaa joho. Basi tulipokula kiapo cha uraia na kupiga kura kwa mara ya kwanza, rais tulimjua, gavana tulikuwa tumemsikia, lakini tulipofika kwenye majina ya majaji, yasiyo na alama ya chama chochote, tukayaruka. Nimewauliza watu kanisani na kazini, na jibu lao ni lile lile: hao niliwaacha, siwajui.

Na kumbe hao ndio wanaotugusa kuliko wote. Rais hatamwona hata mmoja wetu ana kwa ana. Wewe utatuona. Faini za barabarani ziko kwako, makosa madogo ambayo kifungo chake hakizidi miezi kumi na miwili yako kwako, madai ya fedha hadi dola 5,000, mirathi, usimamizi wa mzee asiyejiweza, mashauri ya watoto. Hata anayeshtakiwa kosa kubwa huanzia mbele yenu kabla faili lake halijapanda Mahakama ya Mzunguko, iliyo juu ya yenu.

Halafu kuna kesi za nyumba. Mwenye nyumba akishafungua kesi, sheria ya Kentucky inataka mpangaji apate wito siku tatu tu kabla ya kusikilizwa, na wito huo unaweza kubandikwa mlangoni. Akishindwa, ana siku saba za kukata rufaa au kutoka. Mama mmoja tunayesali naye aliikuta karatasi hiyo mlangoni akadhani ni tangazo la ukarabati, akaiweka juu ya friji asubiri mwanawe arudi kutoka kazini mwisho wa wiki. Mwana aliporudi, siku ya kesi ilikuwa imepita. Sisemi jaji alikosea. Asiyefika mahakamani hushindwa, na sheria haisubiri Ijumaa ya mtu. Lakini laiti mama yule angekuwa amewahi kukaa kwenye kikao kimoja ambapo jaji anaeleza kwamba karatasi ya namna ile haiwekwi juu ya friji, angefika.

Jambo la dhamana nalo linahitaji kuelezwa. Watu wetu wakisikia habari za majimbo mengine hudhani kuna duka la kununua dhamana, yaani mfanyabiashara anayekuwekea dhamana kwa malipo. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976, ikiwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Kwa hiyo hakuna wa kumkimbilia. Kijana akikamatwa Jumamosi usiku, kama atawahi zamu yake ya Jumatatu kiwandani au atapoteza kazi, hilo linategemea sana jaji. Ningependa kujua unapima nini unapoamua.

Ningependa pia kujua ulifikaje hapo. Sheria inamtaka jaji wa Mahakama ya Wilaya awe wakili mwenye leseni kwa miaka miwili, na awe ameishi eneo hili miaka miwili. Ni muda mfupi, na kwangu ndiyo sababu ya kuuliza zaidi. Kabla ya joho ulikuwa mwendesha mashtaka? Ulitetea watu wasio na uwezo? Ulikuwa wakili wa wenye nyumba au wa wapangaji? Uliingia kwa kura, au kiti kilikuwa wazi na Gavana akakuchagua kati ya majina matatu yaliyopelekwa kwake na tume ya uteuzi? Tume hiyo ina watu saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu, na wanne kati yao si mawakili bali ni raia wa kawaida. Viti vinne vya watu kama sisi! Sijakutana na mtu wetu hata mmoja anayejua kwamba vipo.

Najua wasaidizi wako wanaweza kusema kwamba jaji haruhusiwi kuzungumza anapogombea. Si hivyo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotoka Minnesota, kwamba mgombea ujaji ana haki ya kutaja msimamo wake. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaondoa kanuni ya hapa hapa Kentucky iliyowakataza wagombea kutaja chama chao. Bado ni marufuku kuahidi utakavyoamua kesi, nasi hatukuombi hilo. Tukitaka jaji wa kuahidi hukumu, tutakuwa tumejirudishia wenyewe kile tulichokikimbia.

Muda wako ni miaka minne, na jaji asiye na mpinzani anashinda hata kwa kura moja. Kama huna mpinzani, huna haja ya kuja kwetu ili ushinde. Njoo hata hivyo.

Karatasi ya kura hatutaipata kwa Kiswahili. Sheria ya haki ya kupiga kura, ilivyoongezwa mwaka 1975, inazilinda Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha ya Kiafrika haimo. Mahakamani nina mkalimani, kwenye sanduku la kura sina, labda nije na ndugu wa kunisaidia. Vituo navyo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na anayefanya kazi Toyota kule Georgetown au kwenye mashamba ya farasi anajua maana ya saa hizo. Nafuu yetu ni siku tatu za kura ya mapema, Alhamisi hadi Jumamosi kabla ya uchaguzi, na ndizo ninazowahimizia ndugu zangu.

Ombi langu ni saa mbili za muda wako, Jumamosi au Jumapili alasiri, kabla daftari la wapiga kura halijafungwa mwanzoni mwa Oktoba. Ukumbi tutautafuta, wakalimani tutawaleta, wazee na kina mama watakuwepo, na vijana waliozaliwa hapa pia. Utueleze kazi uliyofanya, unavyoendesha asubuhi ya kesi za nyumba, na mtu afanye nini akipata wito asioweza kuusoma. Barua hii nawapelekea pia wote wanaogombea viti vya mahakama yako, wenye joho na wasio nalo, na atakayejibu kwanza ndiye tutakayempangia siku kwanza.

Wako kwa heshima,

Mkazi na mpiga kura wa Lexington