Hataza Imekwisha, Mbona Dawa ya Bei Nafuu Haijafika?

Swali ambalo wateja hutuuliza kila mara kwenye kaunta, boksi la dawa likiwa mkononi, ni lini itatoka jeneriki ya dawa hiyo, yaani ile yenye kiini (kemikali inayotibu) kilekile lakini isiyobeba jina la kampuni iliyoigundua. Tungependa kutaja tarehe, lakini mara nyingi tarehe yenyewe si moja.

Kinachozuia ni hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mgunduzi ili wengine wasitengeneze wala kuuza dawa yake bila ruhusa. Chini ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulinzi huo hudumu kwa angalau miaka 20, nayo huhesabiwa tangu siku maombi yalipowasilishwa, wala si tangu dawa ilipoingia sokoni. Kwa kuwa maombi hupelekwa mapema, aghalabu kabla dawa haijajaribiwa kwa binadamu, sehemu kubwa ya muda huo huliwa na majaribio, na ndiyo maana baadhi ya nchi humfidia mgunduzi kwa kumwongezea miaka.

Isitoshe, dawa moja huweza kuwa na hataza kadhaa: ya kiini chenyewe, ya namna kinavyochanganywa, hata ya kifaa cha kuitumia. Dawa ya pumu ya Advair Diskus ni mfano mzuri. Nchini Marekani hataza ya mchanganyiko wake ilikwisha mwaka 2010 na ya kifaa chake mwaka 2016, lakini jeneriki ya kwanza iliidhinishwa Januari 2019, kwa sababu kuunda kifaa kinachofikisha unga uleule mapafuni kwa kiasi kilekile si kazi ndogo. Wakati mwingine tarehe hupangwa na wanasheria: jeneriki ya Lipitor, dawa ya kupunguza kolesteroli ambayo kiini chake huitwa atorvastatin, ilianza kuuzwa huko tarehe 30 Novemba 2011, siku iliyokubaliwa katika mapatano ya mwaka 2008 kati ya Pfizer, wenye Lipitor, na Ranbaxy, watengenezaji wa jeneriki.

Hata ikifika, bei haiporomoki siku hiyohiyo. Marekani, kwa mfano, humpa mtengenezaji wa kwanza wa jeneriki aliyeipinga hataza siku 180 za kuuza kabla ya jeneriki za washindani wake kuruhusiwa, na unafuu wa kweli huanza watengenezaji wanapokuwa wengi.

Wapo wanaoshuku kwamba kilicho rahisi ni hafifu. Kabla ya kuidhinishwa, jeneriki ya vidonge kwa kawaida hupewa watu waliojitolea, wakatolewa damu mara nyingi kwa saa kadhaa, ili ionekane kama kiini kinaingia mwilini kwa kasi na kiasi sawa na cha dawa ya awali. Rangi na umbo vinaweza kutofautiana. Kwa dawa chache zinazohitaji kipimo makini, kama warfarin (ya kuzuia damu kuganda) na levothyroxine (ya tezi ya thairoidi), mweleze daktari kabla ya kubadili.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni dawa maradufu. Mgonjwa aliyebakiwa na Lipitor nyumbani akipewa boksi lililoandikwa atorvastatin anaweza kudhani ameongezewa dawa, akameza zote mbili. Tafadhali soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Jina la kiini likiwa lilelile, hiyo ni dawa moja. Na ikiwa bei ya sasa inakulemea, usiruke dozi ukingojea jeneriki: muulize daktari au mfamasia kama ipo dawa ya zamani ya kundi hilohilo ambayo jeneriki yake imeshatoka.