Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: damu ya watoto wetu imeyeyuka

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sayansi na utafiti,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mwanza. Nimekuandikia mara mbili kwa njia za kawaida. Leo naandika hadharani kwa sababu ya Jumapili iliyopita.

Umeme ulikatika Jumamosi mchana na haukurudi hadi kesho yake. Jenereta la jengo letu halikuwa na dizeli, maana hela ya dizeli ilikuwa ndani ya mradi, na mradi uliisha Machi. Mlinzi alinipigia saa kumi alfajiri. Nilipofika na bodaboda nilikuta maji yanachuruzika sakafuni chini ya friji la sampuli, lile linalotakiwa kukaa nyuzi 80 chini ya sifuri. Nikavuta droo, nikashika kichupa namba 017. Namba hiyo niliiandika mwenyewe, na sasa wino ulikuwa unatoka na kubaki kwenye kidole changu. Vichupa 41, watoto 41, miaka miwili.

Mheshimiwa, hawa ni watoto wa limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya na tumbo. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama wa 017 alitoka Ukerewe baada ya mwanawe kung'olewa meno mawili, kwa kuwa yalikuwa yanalegea na kila mtu alidhani ni jino bovu. Alipofika kwetu jicho la mtoto lilikuwa limeanza kusukumwa nje.

Ugonjwa huu ni wa kwetu. Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walivikuta virusi vipya ndani ya uvimbe uliotoka huko Uganda na kusafirishwa hadi London. Leo tunajua virusi hivyo na malaria vinashirikiana. Lakini karibu kila mtoto wa huku amepata vyote viwili. Kwa nini augue huyu na mdogo wake asiugue? Ndilo swali lililokuwa ndani ya lile friji. Tusubiri tena sampuli zipande ndege ndipo lijibiwe?

Nimepeleka maandiko matatu ya kuomba ufadhili. Mara zote tatu jibu ni lile lile: mwombaji awe amewahi kusimamia mradi uliofadhiliwa. Mheshimiwa, huo mradi wa kwanza nitaupata wapi ikiwa kila mlango unadai wa kwanza? Mwenzangu tuliyeanza naye alichoka, sasa anapima udongo kwenye mgodi. Mimi jioni nafundisha tuisheni Nyegezi, na nauli za akina mama kurudi kliniki nimezitoa humo humo. Silalamikii nauli. Nalalamikia milioni 18 nilizoomba, ambazo zingelipa dizeli, vitendanishi na msaidizi mmoja kwa mwaka mzima.

Sijui kwa nini tunasahaulika. Labda kwa sababu watoto hawa ni wachache kuliko wa malaria, na wazazi wao ni wavuvi na wakulima wasiojua mlango wa kubisha. Lakini ahadi zipo. Januari 2007, Addis Ababa, viongozi wa Afrika walihimizana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kufikisha uponaji wa watoto wenye saratani asilimia 60 ifikapo 2030. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Mwaka 2030 hauko mbali, Mheshimiwa, na mimi sina friji.

Ninachoomba ni kimoja. Tenga fungu, hata dogo, la watafiti wanaoanza wa saratani za watoto, na uliondolee sharti la uzoefu. Tupimwe kwa andiko na kwa wagonjwa tulionao. Liwe dogo, lakini lianze mwaka huu wa fedha.

Jumatatu mama wa 017 alikuja kliniki. Mtoto anaendelea na dawa, taya limeshuka. Akaniuliza, "Dada daktari, ile damu mliyochukua, mliona nini?" Nikamwambia bado tunasubiri. Anarudi tarehe 14, na ataniuliza tena.

Wako mtiifu,
Mtafiti wa saratani za watoto, Mwanza