Takwimu za bayocha zitolewe ploti kwa ploti

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie bayocha, yaani mkaa wa pumba za mpunga, magunzi au mabaki mengine ya mazao, unaochomwa kwa hewa haba na kuchanganywa na udongo. Taarifa nyingi za majaribio humpa mkulima asilimia moja ya ongezeko la mavuno, basi. Asilimia hiyo haimwambii kama shambani kwake mkaa utasaidia au utaharibu.

Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika nchi za joto mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25, lakini katika nchi za baridi hayakupanda. Sababu kubwa ni tindikali: udongo wetu mwingi unayo, na majivu ya mkaa huipunguza. Mkaa huohuo ukimwagwa kwenye udongo wa magadi hupandisha pH (kipimo cha tindikali; ikiwa juu, tindikali ni ndogo) iliyo juu tayari, chuma na zinki vikafungwa mmea usivipate, majani machanga yakageuka manjano. Jaribio lisilotaja pH ya udongo kabla ya mkaa halimfai mtu wa kata ya pili.

Mizani nayo hudanganya. Mkaa uliozimwa kwa maji huyanywa. Ukimwaga kilo 10, nusu yake ikiwa maji, kwenye ploti ya mita za mraba 10, daftari litasema tani 10 kwa hekta, kumbe udongo umepata 5. Debe ndilo baya zaidi, kwani la pumba na la magunzi hayalingani uzito. Sampuli ikaushwe hadi uzito usishuke tena, ndipo hesabu ifanywe.

Kosa linalotuumiza zaidi ni la ulinganisho. Mkaa hulowekwa kwenye samadi wiki mbili, kisha ploti yake hulinganishwa na isiyopata samadi kabisa. Sifa ya samadi ikachukuliwa na mkaa. Na pale mkaa ulipowekwa mkavu, ukashika nitrojeni na mahindi yakadumaa msimu wa kwanza, ploti hizo huachwa nje ya ripoti. Hizo ndizo tunazozihitaji sana.

Vyuo na miradi watoe jedwali la CSV (faili la maandishi linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali), kila ploti na mstari wake: malighafi, joto na muda wa kuchoma, majivu, pH na jinsi ilivyopimwa, tani kavu kwa hekta, kina, mbolea, mbegu, mvua, mavuno na unyevu wa nafaka. Zenodo, hifadhi ya takwimu za utafiti mtandaoni, huhifadhi bila malipo na kutoa namba ya kudumu ya kurejelea. Mahali pa shamba, kwa ridhaa ya mwenyewe, paandikwe kwa digrii za latitudo na longitudo zenye desimali mbili. Hiyo ni kama kilomita moja, yatosha kulinganisha mvua bila kuonyesha nyumba ya mtu.

Kila safu iandikiwe kipimo chake. Safu iliyoitwa “kiasi” tu yaweza kuwa kilo, debe au tani, na aliyeijaza akishahama kituo hakuna wa kuulizwa.

Wapima udongo,
Morogoro