Mwanangu ameukariri wimbo pamoja na kosa langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani. Wiki mbili zilizopita aliwaambia wanaojifunza gitaa kwamba wimbo mgumu hauna siri yoyote, unataka subira na kurudiarudia tu. Akafunga makala kwa methali tunayoijua sote: subira huvuta heri.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa sita na gitaa. Subira ninayo. Miaka miwili mizima niliimalizia yote kwenye wimbo mmoja, karibu kila usiku baada ya kufunika cherehani, na kilichovutwa hakikuwa heri.

Wimbo wenyewe ni ule wa Francisco Tárrega, Mhispania aliyeishi kati ya 1852 na 1909, unaoitwa Recuerdos de la Alhambra. Hauna maneno, ni gitaa tupu. Ukiusikia mara ya kwanza utaapa wanapiga watu wawili: mmoja anatembea taratibu kwenye besi, mwingine juu yake ameshikilia sauti ndefu inayotetemeka bila kukatika. Kumbe ni mtu mmoja. Gitaa haliwezi kushikilia sauti kama zumari. Ukishaupiga uzi, mlio unaanza kufa palepale. Kwa hiyo mpigaji analihadaa sikio. Kidole gumba kinapiga besi, halafu cha pete, cha kati na cha shahada vinaugonga uzi mmoja kwa zamu, upesiupesi, kisha gumba tena. Nne, nne, nne, karibu wimbo mzima. Unahesabiwa mapigo matatu matatu na kila pigo limebeba noti nane, yaani kila mzunguko una noti 24. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 70 kwa dakika, na mkono wa kulia unatakiwa kutoa noti 560 kwa dakika. Cherehani yangu nikiikanyaga bila haraka haifiki huko.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa ni kwamba vidole havikuumbwa sawa. Msomaji aliye karibu na meza ajaribu hivi. Laza kiganja mezani, kikunje kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka. Inua gumba: kinainuka. Cha shahada kinainuka, cha mwisho nacho kinajitahidi. Sasa inua cha pete. Kimegoma, sivyo? Kano za cha pete na za cha kati zimeshikana nyuma ya kiganja. Na huyo mgomaji ndiye aliyepewa kazi ya kuingia mara tu gumba linapomaliza, kila safari.

Mimi nilikuwa na tatizo la ziada. Miaka ishirini na tatu nimevaa kastabini kwenye kidole cha kati, kimezoea kusukuma sindano kwenye pindo la jinzi, hakijui kugusa kitu kwa upole. Kila zamu yake ilipofika ilisikika kama mtu anayebisha mlango. Ta-TA-ta, ta-TA-ta. Wimbo uliotakiwa kutiririka ukawa mwendo wa punda.

Halafu kuna kucha. Mkono wa kushoto ziwe fupi, la sivyo huwezi kubonyeza uzi. Mkono wa kulia ziwe na urefu, la sivyo mlio unakuwa butu. Fundi mwenye kucha ndefu mkono mmoja ni kituko. Wateja waliniuliza kama nimeweka nadhiri. Kila aliyeniletea hariri nilimshonea kwa hofu, maana kucha yenye mkwaruzo inavuta uzi wa kitambaa, na ukishavutwa haurudi. Ya kidole cha pete ilinivunjikia kwenye zipu ya gauni, nikapoteza wiki tatu nikiingojea iote. Siku hizi nazisugua kwa msasa laini kabisa, nabakiza kiasi cha kugusa uzi tu.

Haya yote, Mhariri, subira iliyamaliza. Hapo mwandishi wenu namwachia haki yake. Nilipiga kwa metronomu kwenye 30, kidole baada ya kidole, na punda akatulia. Kilichobaki kunitesa ni mahali pamoja tu, padogo kuliko kupepesa jicho. Mkono wa kushoto unaachia mkao mmoja, unapanda juu ya shingo ya gitaa na kutua huku kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, na muda huo wote mkono wa kulia hauna ruhusa ya kusimama. Kila nilipofika hapo nilikwama. Sauti inakatika, nasema “ah!”, naipiga tena ile noti, naendelea. Nikifika mwisho, narudi mwanzo. Ndivyo nilivyofundishwa: aliyenianzisha gitaa, kila nikikosea, alisema “haya, tuanze mwanzo”, na mimi nikaendelea hivyo hata baada ya kuachana naye.

Mwanangu mdogo alikuwa na miaka saba. Jioni moja anaoga, nikamsikia anauimba wimbo wangu kwa “la la la”. Nikasimama mlangoni na taulo lake, moyo umejaa, maana si wimbo wa watoto ule. Akaenda vizuri, akapanda, akashuka. Alipofika pale, akanyamaza. Akasema “ah!”. Akarudia noti moja, akaendelea zake.

Nikamuuliza, mbona unasimama hapo? Akanichungulia na povu kichwani.

“Si ndivyo ulivyo, Mama?”

Hakuwahi kuusikia vingine. Usiku ule nilipiga hesabu. Mara tatu kila nikikaa, usiku tano kwa wiki, miaka miwili: zaidi ya mara 1,500. Hakuna kitu maishani nilichokifanyia mazoezi kama lile “ah”. Vidole havina habari ya kosa wala sahihi, vinashika vilichorudishiwa mara nyingi, na mimi nilivirudishia kigugumizi kwa bidii na kwa subira, kama makala yenu inavyoshauri.

Kesho yake mteja akaleta suruali iliyofumuka pajani. Kazi ya dakika kumi. Unafumua pale palipoachia pamoja na upana wa vidole viwili kila upande, unapiga pasi, unaanza kushona kwenye mshono mzima, unapita kwenye jeraha, unaishia kwenye mshono mzima. Nilikuwa nakata uzi ndipo nikaanza kucheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye. Kazi hii naifanya kila siku kwa hela, na usiku nikifika kwenye gitaa nafumua suruali nzima.

Basi nikaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, nikajirekodi mkono wa kushoto, nikaitazama video kwa mwendo wa polepole. Siku zote niliulaumu ule mkao wa kutua, kwa kuwa ndipo sauti inapofia. Video ikanionyesha mambo mengine. Pigo zima kabla ya kuruka, kidole changu cha mwisho kilikuwa kimesimama hewani kama mkia wa paka aliyeudhiwa, na gumba la kushoto limeibana shingo ya gitaa kwa nyuma kama koleo. Mkono uliobana namna ile utasafiri vipi? Kosa lilikuwa linaanza nyuma, kwenye kipande ambacho ningekuapia nakijua. Nguo nayo ni hivyohivyo: mshono unafumukia pajani, lakini aliyekosea ni fundi aliyeikata ikabana kiunoni.

Niliweka wimbo kando wiki tatu, sikuupiga mzima hata mara moja. Nilichukua mapigo mawili kabla ya mruko na pigo moja baada yake, basi. Natua, nasimama, naangalia gumba la nyuma kama limelegea. Metronomu kwenye 30. Kumi safi mfululizo, napanda 32. Nikikosea ya tisa, hesabu inaanza upya. Dakika nane, kisha naliweka gitaa kwenye begi na kufunga zipu, kwa sababu vidole vilikuwa vinawasha kurudi mwanzo wa wimbo, kule kutamu ninakokujua. Sijui niseme nini kuhusu ule uchu. Nadhani ndio unaotupoteza wengi: sehemu rahisi inatubembeleza, tunajisikia wapigaji, na saa imekwisha. Wapigaji ninaowafahamu, mimi nikiwemo, tuna mianzo ya nyimbo ishirini na miisho ya nyimbo mbili.

Kuna usiku nililala nimeshindwa kwenye 38 mpaka nikamkemea paka bure, asubuhi nikajaribu kabla ya kuwasha pasi, ikapita. Vidole vilikuwa vimefanya kazi nikiwa nimelala. Baada ya hapo nikaanza kuunganisha kwa nyuma: kwanza kipande cha mwisho, halafu kinachokitangulia pamoja na cha mwisho, hivyohivyo nikirudi nyuma. Raha ya kushona hivi ni kwamba kila ukisonga mbele unaingia mahali unapopajua zaidi. Zamani ilikuwa kinyume, kila hatua nilikuwa natoka kwenye taa naenda gizani.

Rafiki zangu wakiona nahangaika hivi hunitajia Django Reinhardt, yule aliyeungua kwenye moto mwaka 1928, mkono wa kushoto vidole viwili vikaharibika, na bado akawa mpigaji wa kuogopwa. Wanataka kunitia moyo. Mimi nasikia kitu kingine: mtu yule hakurudi kuzipiga nyimbo zake za zamani kwa subira mpaka vidole vipone. Alipanga upya nani afanye kazi gani, solo zake akazikimbiza kwa vidole viwili, na vile vilivyoumia akavitafutia kazi ndogo kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Huko ndiko kutazama mshono.

Sasa ombi langu kwenu. Ukurasa wenu wa Jumamosi huchapa nyimbo pamoja na kodi zake na ile michoro ya mistari sita yenye namba, ambayo wenyewe huiita tabo na mimi naiita tabu. Juu yake mnaandika “rahisi” au “ngumu”. Mwezi uliopita mlichapa wimbo mkauita rahisi, na ndani yake mna kodi ya F kwenye freti ya kwanza, freti zikiwa vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Kodi hiyo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote sita, tena karibu kabisa na kichwa cha gitaa, mahali ambapo nyuzi zimekaza na hazitaki kubonyea. Mtu wa mwezi wa pili akiona neno “rahisi”, halafu nyuzi tatu zimenyamaza na kiganja kinawaka moto, atajihukumu yeye. Kuna gitaa zinaning'inia ukutani sasa hivi kwa sababu ya neno hilo.

Liondoeni. Wimbo nilioutaja wanauita mgumu, na ni kweli, ila sehemu kubwa ya ugumu wake ni jambo moja la mkono wa kulia linalorudiwa. Ukishalipata, yamebaki mahali manne au matano pa kuvunjika miguu. Na mwingine mnaouita rahisi una sekunde moja tu ya kumliza mtu. Mwekeeni msomaji nyota ndogo pale panapobana, mseme ni kidole gani kinachochelewa na kinatakiwa kuwa wapi pigo moja kabla. Mistari miwili inatosha. Mwandishi wenu anajua hayo, anaonekana mpigaji kweli. Hakuna mpigaji asiyekumbuka alipoanguka. Ayaandike hayo badala ya methali.

Kwa upande wangu, bado sijafika 70 na huenda nisifike. Juzi usiku metronomu ilikuwa kwenye 54, nikapita pale mara tatu mfululizo bila kukwama, gumba limelegea, kidole cha mwisho kimetulia kwao. Mwanangu, ambaye sasa ana miaka minane, alikuwa mezani na daftari lake la hesabu. Akainua kichwa.

“Mama,” akasema, “umeruka pale pa ‘ah’.”

Wenu,
Fundi cherehani, msomaji wa kila Jumamosi