Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: fungueni stoo watu waone

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama reko, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaani, mmoja wa wale wanaozunguka lupango kwa lupango, nyumba kwa nyumba, siku za chanjo ya polio, siku za kugawa vyandarua, na kila kipindupindu kinapozuka. Serikali ikitaka wananchi waambiwe jambo, sisi ndio tunaotumwa, na sisi ndio tunaojibiwa. Majibu hayo hayafiki ofisini kwako. Fomu tunazojaza zina nafasi ya kuandika idadi ya nyumba tulizopita, hazina nafasi ya kuandika watu walisema nini. Ndiyo sababu ya barua hii.

Watu hawaamini kwamba nchi yetu ya Kongo imejiandaa kwa mafua yale yanayozuka mahali pamoja na kuzunguka dunia nzima. Hawaamini hata kidogo. Siku moja nilimweleza mama mmoja habari za mafua ya ndege, naye akichekecha unga wa bukari, yaani ugali, mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mama reko, na hiyo homa yenu inalipa ngapi?" Hakuwa na kejeli wala hasira. Aliuliza jinsi mtu anavyoulizia bei ya makala, yaani mkaa. Kwake ni jambo linalojulikana: ugonjwa ukitangazwa kuna fedha zinazoingia, na kuna wakubwa wanaozipokea.

Mheshimiwa, naomba sana mama huyo asiitwe mjinga. Katika mikutano yetu, kila wananchi wanapokuwa na shaka, dawa inayotolewa ni ile ile: waelimishwe zaidi, mabango yaongezwe, reko warudi tena mlangoni. Lakini mama yule elimu anayo, na sehemu kubwa aliipata Machi 2020.

Mwezi ule mji wetu na Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, vilifungwa kwa saa 48, kwa sababu ya watu walioshukiwa kuwa na Korona waliokuwa wamefika kwa ndege kutoka Kinshasa. Kwa mwenye friji iliyojaa, saa 48 si kitu. Kwa mama anayeuza maandazi asubuhi ili jioni apate bukari ya watoto, ni siku mbili bila chakula. Kwenye avenyu yetu hakupita mtu hata na kilo moja ya unga. Na vipimo vyenyewe vilitegemea Kinshasa, kwenye INRB, maabara ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa hiyo mji wa watu zaidi ya milioni mbili ulikaa ukingoja ndege iende na jibu lirudi. Mwezi ule ule Korti ya Kasasheni ilimhukumu Oly Ilunga, aliyekuwa Waziri wa Afya wa nchi, miaka 5 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za kupambana na Ebola. Fedha za Ebola, Mheshimiwa! Ebola ile iliyoanza Agosti 2018 na kwisha Juni 2020 kule mashariki, iliyoua watu 2,287. Wananchi waliyasikia yote mawili kwenye redio ile ile: kaeni ndani tuwalinde, na aliyepewa kazi ya kulinda amehukumiwa.

Ikaja chanjo. Machi 2021 nchi ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca, na nyingi kati ya hizo, kama milioni 1.3, zilirudishwa ili zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Ilisemwa sana kwamba Mkongomani anaogopa sindano. Mimi nilikuwa pale milangoni. Watoto wa nyumba zile zile wamechanjwa surua na polio, na mama zao ndio waliowabeba mgongoni kuwapeleka. Walichoniuliza kuhusu chanjo ile kilikuwa kifupi: "Inaletwa na wale wale?"

Kwa hiyo shaka yao haiko kwa madaktari. Nchi iliyomtoa Profesa Muyembe, ambaye mwaka 1976 aliingia Yambuku na kuchukua damu ya wagonjwa kabla ugonjwa wenyewe haujapewa jina la Ebola, haiwezi kuambiwa haina wajuzi. Shaka iko kwenye njia ndefu kati ya fedha na kitanda cha mgonjwa. Kuna kituo kimoja cha afya ninachokijua ambapo ndoo ya kunawia mikono iliyoletwa wakati wa Korona bado ipo mlangoni. Bomba lake lilivunjika, mtu akaziba tundu kwa kijiti kilichoviringishiwa mfuko wa plastiki. Maji hayajaingia humo kwa muda mrefu. Kibandiko chenye alama ya mfadhili hakijachubuka hata pembe. Wagonjwa wanaosubiri huweka karatasi zao juu ya kifuniko. Mtu akishaiona ndoo hiyo kila anapompeleka mtoto kupimwa uzito, nimwambie nini kuhusu maandalizi?

Na bado nina hofu, Mheshimiwa, kwa sababu mafua ni kweli. Hayatasubiri sisi na ninyi tupatane. Mji huu una kumbukumbu yake. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, na mwishoni mwa 1918 mafua yale makubwa yalipanda nayo kutoka Afrika Kusini kupitia Rhodesia mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Duniani kote inakadiriwa yaliua watu wapatao milioni 50. Njia ya leo ni ile ile. Malori yanayoteremka na shaba na kobalti, na yale yanayopanda na unga, mayai na vifaranga, yote yanapita Kasumbalesa, na madereva wanalala kwenye foleni pale, wanakula kwa mama lishe wale wale, kisha wanatawanyika kila upande. Wala si lazima virusi viwe vipya: mwishoni mwa 2002 mafua ya aina inayojulikana, H3N2, yaliingia Bosobolo kule Equateur na kuua watu wengi, wakiwemo watoto wadogo, kwa sababu ya utapiamlo na umbali wa matibabu.

Sasa kuku. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana naona hapa ndipo maandalizi yenu yatakapopimwa kwanza. Virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilionekana kwa binadamu kwa mara ya kwanza Hong Kong mwaka 1997: watu 18 waliugua, 6 wakafa. Mpaka leo havijajifunza kuhama kwa urahisi kutoka mtu mmoja hadi mwingine, lakini kati ya wagonjwa waliothibitishwa duniani tangu 2003, karibu nusu walikufa. Mafua ya ndege ya aina nyingine, H5N8, yaliua bata na kuku huko Ituri, kandokando ya Ziwa Albert, mwaka 2017. Afrika Kusini ilipoteza mamilioni ya kuku mwaka 2023. Mwaka uliofuata H5N1 ikakutwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani. Kwa hiyo tusiseme ni jambo la mbali.

Jirani yangu mmoja ni mjane anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na kwa mayai hayo anasomesha watoto. Kuku wake wakianza kusinzia, kuvimba kichwa na kufa mmoja mmoja, yeye anajua ni kideri, kwa sababu kideri kinakuja mara kwa mara. Na kweli, kwa macho tu hata mganga wa mifugo hawezi kutofautisha kideri na mafua ya ndege bila maabara. Anachofanya jirani yangu ndicho wanachofanya wafugaji wengi: anawachinja haraka wale waliobaki na pumzi, anawapeleka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kabla jua halijatua, anauza kwa bei ya kutupa. Anayenyonyoa manyoya ni binti yake, kwa mikono mitupu, amekaa juu ya kigoda karibu na sufuria ya maji ya moto, na mdogo wake anacheza na mabawa. Ugonjwa ukitaka kumwingia mtu, utaingilia pale.

Tunatumwa tumwambie atoe taarifa. Kwa nani? Na akishatoa, kitakachofuata anakijua: kuku wote watauawa, wagonjwa kwa wazima, maana hivyo ndivyo mafua ya ndege yanavyozuiwa duniani kote. Nani atamlipa? Kama mpango wenu hausemi kuku mmoja wa mayai atalipwa franka ngapi, kutoka sanduku gani na baada ya siku ngapi, basi jirani yangu atanyamaza, na mimi sitamlaumu. Najua mifugo haiko chini ya wizara yako. Kaeni meza moja na mwenzako wa kilimo na mifugo mkubaliane hilo kabla kuku hawajaanza kufa. Na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo hapa hapa mjini. Kipeni vifaa na vijana wa kuzunguka kwa wafugaji, jibu lipatikane hapa, lisisubiri ndege.

Tuliona mwishoni mwa 2024 jambo hili la kusubiri linavyoumiza. Kule Panzi, jimbo la Kwango, watu walikufa kwa ugonjwa ambao dunia nzima iliuita usiojulikana, na sampuli zililazimika kusafiri kama kilomita 500 mpaka Kikwit, kwa barabara za masika. Baadaye ilionekana ni malaria kali pamoja na magonjwa ya njia ya hewa, juu ya miili iliyokwisha dhoofu kwa njaa. Magonjwa tunayoyajua, na bado wiki zilipita bila jibu.

Kuhusu dawa na chanjo sina mengi. Oseltamivir, dawa ya mafua, inasaidia zaidi mgonjwa akianza kuimeza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo ile iliyofungiwa Kinshasa haitamsaidia mtu wa Katuba. Chanjo ya virusi vipya huchukua miezi kutengenezwa, na mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipotangazwa kuwa janga la dunia, nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuagiza sehemu kubwa kabla haijatoka kiwandani. Miezi ya mwanzo tutakuwa peke yetu, na kitakachookoa watu ni oksijeni, antibiotiki za nimonia, barakoa za wauguzi na maji. Mashine ya oksijeni inahitaji umeme. Wewe unaishi Lubumbashi, unajua umeme wetu. Kila mashine bila jenereta yenye mafuta, na mtu anayelipwa kuiwasha usiku, isihesabiwe kabisa.

Ninachoomba ni karatasi moja. Kwenye mlango wa kila ofisi ya zoni ya afya ibandikwe karatasi, kwa Kiswahili, inayosema mitungi ya oksijeni iliyopo ni mingapi, mashine zinazofanya kazi ni ngapi, barakoa ni ngapi, jenereta ipo au haipo, na ufunguo wa stoo anao nani. Ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Fedha zikiingia kwa ajili ya maandalizi ya mafua, ziandikwe hapo: kiasi gani, kutoka kwa nani, zimenunua nini. Halafu Jumamosi ya salongo, siku ya kazi za pamoja za usafi, watu wa avenyu wenyewe wachague wawili watatu, mmoja awe mama wa sokoni, waingie stoo na shefu wa kartye, yaani kiongozi wa mtaa, wahesabu. Kama karatasi inasema mitungi kumi na wao wakahesabu minne, hiyo minne iandikwe na tujue sita iko wapi. Wenzangu walioahidiwa prime, yaani posho, za kampeni zilizopita na hawajaziona, nao waandikwe hapo. Reko anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kumtuliza mtu juu ya fedha za Serikali.

Utaniambia karatasi hiyo itawatia watu hofu ikionyesha stoo ni tupu. Wanajua ni tupu, Mheshimiwa, au wanadhani hivyo, na kwangu mimi niliye mlangoni ni jambo moja. Kama hakuna kitu, andikeni "hakuna". Nikiwa na neno hilo mkononi naweza kusimama mbele ya yule mama wa unga na kumwambia: leo hakuna, wamekiri wenyewe, tusubiri tuone miezi mitatu ijayo. Hilo atalisikiliza. Sentensi kwamba hatua zote zimechukuliwa sitaipeleka tena kwake, wala kwa jirani yangu mfugaji, mpaka nimeonyeshwa hatua zenyewe.

Anzieni Katuba, kabla ya baridi ya Juni, wakati vifua vinapoanza kubana. Karatasi nitaisoma mimi mwenyewe kwa sauti mbele ya watu, na maswali watakayouliza nitayaandika yote, hata yale makali, niyalete ofisini kwako kwa mkono wangu. Naomba tu anayeyapokea awe mtu mwenye ruhusa ya kujibu.

Kwa heshima,

Mama reko wa Katuba, Lubumbashi