Umeitwa ofisini mara moja kabla ya kuanza kazi? Suti haihitajiki

Kila ajira mpya zinapotoka, dukani kwetu wanaingia vijana wenye swali lilelile. Barua ya kupangiwa kazi wanayo, siku ya kuripoti bado haijafika, ila wameitwa ofisini mara moja: vyeti halisi vikaguliwe, fomu zijazwe, mkataba usainiwe, au waonane tu na mkuu wa idara. Ni shughuli ya nusu saa, kisha mtu anarudi zake nyumbani. Sasa avae nini?

Wengi wanakuja na jibu mkononi: "Fundi, nishonee suti." Suti ndiyo kazi inayotulipa vizuri kuliko zote, na bado tunawaambia kwa siku hiyo waiache. Usaili umeshapita na kazi umeshapata. Unakwenda kukaa kwenye benchi la masijala kusubiri faili lako lifunguliwe, katikati ya watu waliovaa mashati na magauni ya kila siku. Vaa vile utakavyovaa Jumanne yoyote ukishaanza kazi pale, nguo iwe safi na ikukae sawasawa. Hela ya suti itunze. Wenye nyumba wengi hapa Dodoma wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mshahara wa kwanza una kawaida ya kuchelewa.

Kwa wanaume, suruali ya kitambaa au kadeti isiyobana, shati lenye kola lililochomekewa, mkanda, na viatu vya kufunika. Tai ukiipenda vaa, hakuna atakayekudai. Kwa wanawake, gauni au sketi na blauzi, na kitenge kilichoshonwa kwa heshima kinatosha kabisa. Hapa kuna jambo ambalo wateja wetu wengi hawalipimi: urefu wa sketi haujulikani ukiwa umesimama. Kaa kwenye kiti mbele ya kioo. Sketi iliyofika chini kidogo ya goti itapanda vidole vinne au zaidi, na ofisini utakuwa umekaa muda wote. Tukikupima tutakuomba ukae, usishangae.

Ukienda ofisi ya serikali, kuna mlinzi getini. Mavazi ya watumishi wa umma yana mwongozo wake, Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007, na ofisi nyingi zimebandika langoni bango la picha za nguo zisizotakiwa: sketi fupi, suruali za kubana, kaptula, nguo zinazoonyesha mwili, kandambili. Utasema wewe bado si mtumishi. Ni kweli, lakini bango lile linamhusu pia mgeni, na kubishana na mlinzi huku muda wako wa miadi unapita hakuna faida. Jinzi iache nyumbani hata kama umemwona mtu kaivaa Ijumaa. Kwenye kampuni binafsi na mashirika mambo ni mepesi zaidi, na huko dawa ni kumuuliza aliyekuita: "Samahani, siku hiyo nitaishia ofisini au tutafika na eneo la kazi?" Kama mtakwenda kwenye ujenzi au ghalani, viatu imara vina maana kuliko shati.

Halafu kuna safari yenyewe, na hapa ndipo Dodoma inapowaumbua wageni. Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji. Utapanda daladala, halafu pengine bodaboda ya kumalizia, na kiangazi upepo wetu hauna simile. Vumbi la huku ni jekundu. Kwenye suruali nyeusi linaonekana kama umepakwa unga, ilhali kijivu cha kati na kahawia vinalificha. Weka kitambaa kidogo mfukoni, ufute viatu ukishashuka. Sketi nyembamba isiyo na mpasuo haipandi pikipiki. Tumewashonea dada wengi mpasuo wa nyuma wenye kipande cha kitambaa ndani, unapanda na kushuka bila kuonyesha paja, na ukisimama haujulikani kama upo. Sketi pana ya kitambaa chepesi nayo inahitaji bitana, la sivyo upepo utakuhangaisha kuanzia kituoni mpaka mapokezi. Juni na Julai asubuhi kuna baridi kali, beba sweta ya rangi moja au koti jepesi.

Kama umeambiwa uende na picha za pasipoti, usipigwe ukiwa na shati la bluu, maana studio nyingi zinaweka pazia la bluu nyuma na mabega yako yatapotelea humo. Shati jeupe au la krimu linatoka vizuri. Vyeti viweke kwenye faili gumu. Vikikunjwa ndani ya mkoba vinachakaa, na mkaguzi anakutazama wewe pamoja na karatasi zako.

Sisi tunakusaidia wapi? Mara nyingi nguo unayo tayari, ya mtumba au ya mahafali, ila haikukai. Suruali nyingi za mtumba zilikatwa kwa watu warefu kuliko sisi, kwa hiyo pindo linalala juu ya kiatu na kujikunja. Kulipandisha, kupunguza kiuno, kubadili zipu, kurudishia vifungo na kupiga pasi ni kazi ya leo kwa kesho, na pasi tunaipiga juu ya kitambaa chenye unyevu ili nguo ising'ae. Koti likiwa kubwa mwilini au mikono ikiwa mirefu tunarekebisha. Likikuzidi mabegani tutakushauri uliache, kwa sababu kulifumua begani kunagharimu kuliko bei ya koti lenyewe la mtumba, na mara chache linakaa vizuri.

Ukija kupima suruali, njoo na viatu vilevile utakavyovaa siku hiyo. Kisigino ndicho kinachoamua pindo liishie wapi, na ukija na kandambili tutakata suruali ya kandambili.